Mdogo wangu alichomwa neva za figo, mimi nikabaki na vidonge

Tangu mdogo wangu afanyiwe ile tiba ya presha ya kuchoma neva za figo huko Brussels, watu wa Katuba, mtaa wetu hapa Lubumbashi, wananisimamisha njiani kuniuliza bei. Wengi wanaiita "kuchoma figo". Jirani yangu mmoja, dereva wa lori la kwenda Kasumbalesa mpakani, alishaanza kutafuta mteja wa kiwanja chake ili apate nauli ya kwenda kutibiwa nje. Mimi ni mwalimu wa hisabati, si daktari. Ila nina presha ileile, nilimfuata mdogo wangu hatua kwa hatua kwa simu, na njia yangu mwenyewe nimeipitia hapahapa Lubumbashi. Naandika kwa sababu naona watu wanaulizia mwisho wa safari ambayo mwanzo wake hawajauanza.

Kwetu presha ni urithi. Baba alikuwa fundi wa tanuru Gécamines, kampuni ya madini, kifua kipana, mtu wa kucheka hadi jirani wasikie. Alianguka bafuni akiwa na miaka 58. Kiharusi. Mimi nilianza vidonge kabla sijafika 45, na mdogo wangu akanifuata muda si mrefu, yeye akiwa tayari Ulaya, anapanga mizigo kwenye ghala. Baada ya miaka kadhaa wote wawili tulikuwa mahali pamoja: dawa tatu kila siku, na presha bado iko juu. Hapo ndipo nilipolisikia jina la presha sugu. Maana yake ni kwamba mtu anameza dawa tatu za aina tofauti, mojawapo ya kukojoza, kila moja kwa kipimo cha juu ambacho mwili wake unakiweza, na bado hashuki chini ya 140 kwa 90. Anayemeza kidonge siku kichwa kinapouma hana presha sugu. Ana presha isiyotibiwa, na hilo ni jambo lingine kabisa.

Figo yenyewe haichomwi. Ubongo na figo vinaongea kupitia neva nyembamba ambazo zimeuzunguka mshipa unaopeleka damu kwenye figo kama mmea utambaao kwenye nguzo. Neva hizo zikisisimka kupita kiasi, figo inatoa renini, kemikali ya kupandisha presha, inashikilia chumvi na maji, mishipa inabana, presha inapanda. Na figo nayo inarudisha habari ubongoni, kwa hiyo mwili mzima unabaki kama uko vitani. Daktari anatoboa kwenye kinena, anapitisha katheta, mrija mwembamba sana, ndani ya ateri mpaka kwenye mshipa wa figo, kisha anatoa joto kidogo linalovuka ukuta wa mshipa na kuua neva zilizo nje yake. Aina moja ya chombo hutumia mawimbi ya redio, kila mchomo sekunde 60. Nyingine hutumia mawimbi ya sauti, sekunde 7 tu, huku puto la maji baridi likiulinda ukuta wa mshipa. Upande wa kulia, kisha wa kushoto.

Swali la kwanza nililomuuliza mdogo wangu lilikuwa: figo isiyo na neva itafanyaje kazi? Jibu alilopewa na madaktari lilinituliza. Mtu akipandikizwa figo, neva zote za figo ile zimekatwa siku ya kuitoa kwa mwenyewe, na bado inachuja damu na kutengeneza mkojo miaka na miaka.

Wazo si jipya. Kabla dawa nzuri hazijapatikana, Marekani walikuwa wanapasua mgongo na kukata mnyororo mzima wa neva hizi. Daktari Smithwick alifanya hivyo kwa wagonjwa wengi miaka ya 1940. Presha ilishuka, na wengine walirefusha maisha. Lakini mgonjwa akisimama ghafla alizimia, na wanaume walipoteza nguvu zao. Vidonge vilipokuja, kisu kikawekwa kando.

Sasa nije kwa mdogo wangu. Hakulipa kitu, maana aliingia kwenye utafiti, na utafiti huo ulikuwa na sharti linalomkera mpaka leo. Kompyuta inapiga kura. Wengine wanachomwa kweli. Wengine wanatobolewa kinena, wanaingiziwa katheta, wanapigwa picha ya mishipa ya figo, halafu basi, wanafungwa bandeji na kurudishwa wodini. Mgonjwa amelewa dawa ya usingizi, amefunikwa macho, hajui lolote. Kwa miezi sita haambiwi yuko kundi gani, na dawa zake haziguswi.

Presha yake ilishuka. Alikuwa kwenye 170 na kidogo, akafika 158. Kwenye simu alikuwa mtu mwingine. "Yaya," ndivyo anavyoniita mimi kaka yake mkubwa, "mimi wamenichoma, nasikia kabisa mwili umekuwa mwepesi." Shangazi yetu wa Kamalondo alisimama kanisani akatoa ushuhuda, akina mama wakapiga vigelegele. Miezi sita ilipoisha wakamfungulia siri: alikuwa kundi la bandia. Hakuna neva hata moja iliyoguswa. Kazi ya kumpasulia shangazi habari hiyo ilinifikia mimi. Alinyamaza kidogo, akajifunga kitenge vizuri, akasema, "Basi Bwana hakuhitaji moto."

Mimi nilibaki nayo ile habari kwa sababu ni hesabu nzuri, na kwa sababu ilikuwa imeshawapata wakubwa kuliko sisi. Mwaka 2009 daktari Henry Krum wa Australia na wenzake walichapisha matokeo ya wagonjwa wa kwanza, namba ya juu ya presha ikishuka kwa zaidi ya 20. Mwaka uliofuata ukaja utafiti wenye wagonjwa 106: waliochomwa walishuka kwa 32, wasiochomwa wakabaki palepale. Dunia ikashangilia. Ila wale wasiochomwa walijua kwamba hawakuchomwa, na waliowapima walijua vilevile. Mwaka 2014 Wamarekani wakatoa utafiti mkubwa wa watu 535, safari hii na kundi la bandia kama la mdogo wangu. Waliochomwa walishuka kwa 14. Wa bandia, ambao hawakuguswa kitu, walishuka kwa karibu 12. Tofauti ikawa namba mbili na ushee, isiyothibitisha chochote. Makampuni yakarudi nyuma, na wengi wakadhani hadithi imekwisha.

Hizo 12 zilitoka wapi? Nikiwaeleza wanafunzi wangu wa darasa la tano naanza hivi: ukichagua watu siku ambayo presha yao iko juu sana, ukiwapima tena siku nyingine wengi watakuwa chini kidogo hata usipofanya lolote, kwa sababu uliwachagua kwenye kilele chao. Halafu, mtu aliyeingia kwenye utafiti anapigiwa simu, anaulizwa vidonge, anaona aibu kuruka siku. Anapunguza chumvi. Anamzoea muuguzi, na moyo hauruki tena mkanda ukibana. Yote hayo yanashusha presha, na yote hayo hayahitaji katheta. Kwa jicho langu hiyo ndiyo sehemu yenye faida kubwa kuliko zote kwa mtu wa Katuba, na ndiyo ambayo hakuna anayeniuliza bei yake.

Walirudi kuchunguza kwa nini utafiti wa 2014 ulianguka. Madaktari wengi walioshika katheta walikuwa wamefanya kazi hiyo mara chache sana. Michomo ilikuwa michache na haikuuzunguka mshipa wote. Dawa za wagonjwa zilibadilishwa katikati. Vyombo vikaboreshwa, na wakaanza upya kwa uangalifu. Katika utafiti mmoja wa 2018 wa mawimbi ya sauti, kwa wagonjwa wasiomeza dawa wakati huo, presha ya mchana ilishuka kwa 8.5 kwa waliochomwa na 2.2 kwa wa bandia. Tofauti ni kama 6. Tafiti nyingine nazo zimezungukia hapohapo, nyingine juu kidogo, nyingine chini. Novemba 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani iliruhusu vyombo viwili, kimoja cha sauti na kimoja cha redio, na mwaka 2024 mwongozo wa madaktari wa moyo wa Ulaya ukasema tiba hii yaweza kufikiriwa kwa mwenye presha sugu, baada ya mazungumzo naye, katika hospitali iliyoizoea.

Namba 6 si muujiza. Ni kazi ya kidonge kimoja, na tofauti yake ni kwamba kidonge hiki hakisahauliki mezani. Wala si cha kudharau: kushusha namba ya juu kwa 5 tu kunapunguza hatari ya kiharusi, moyo kushindwa na mambo ya namna hiyo kwa takribani asilimia 10. Lakini mtu aliye kwenye 190 akiuza kiwanja kwa ajili ya 6, nani atamwambia?

Baada ya kufunguliwa siri, mdogo wangu alipewa nafasi ya kuchomwa kweli, akakubali. Safari hii hakuwa na mashaka. "Yaya, hata na dawa ya usingizi, maumivu yanafika kiunoni kwa ndani, yanakuja na kuondoka kila wanapobonyeza." Baadaye alilazwa chali, mguu umenyooka, kwa saa kadhaa ili tundu la kinena lisivuje damu, akalala hospitali usiku mmoja. Presha haikushuka siku ile. Ilishuka polepole kwa miezi, kutoka 158 hadi kwenye 140 hivi, na dawa zake tatu anazimeza mpaka leo. Shangazi hakutoa ushuhuda wa pili.

Kilichonivutia zaidi ni yale yaliyotangulia, kabla hajaingia hata kwenye kura. Walimpa kichupa akojoe ili watafute mabaki ya dawa zake tatu kwenye mkojo. Alikasirika, akasema wanamwona mwongo. Wakamvalisha mashine ya kupima presha saa 24, inayojaa upepo hata akiwa usingizini. Wakamlaza na nyaya kichwani kuona kama pumzi yake inakatika usiku, kwa sababu wakoromaji wa namna hiyo presha yao haishikiki. Wakapiga picha ya mishipa ya figo, wakapima homoni. Na wakakuta kwamba kwa ajili ya mgongo wake wa ghalani alikuwa anameza ibuprofeni karibu kila siku, dawa ambayo inashikilia chumvi na kuzipinga dawa za presha. Walipoiondoa, namba kadhaa ziliondoka nayo. Nasikia wagonjwa wengi wanaotumwa kwa ajili ya kuchomwa huishia kwenye mchujo huu, kwa kuwa presha yao haikuwa sugu kamwe.

Nikajiuliza: mchujo huu, ni kipande gani kinachohitaji Brussels?

Dokta wangu ni binti ambaye ningeweza kumfundisha logarithimu. Kabla yake nilikuwa nimepita mahali, siwataji, ambapo muuguzi aliniuliza mbele ya foleni nzima kama vidonge vyangu naviuza. Huyu binti hakuuliza. Aliniambia, "Papa, kesho uje na dawa zako, uzimeze hapa mbele yangu, halafu ukae." Nikaja na madaftari ya wanafunzi. Nilimeza amlodipini, perindoprili na indapamidi mbele yake, nikakaa kwenye benchi nikisahihisha milinganyo hadi alasiri, naye ananipima kila saa. Kama ningekuwa sizimezi nyumbani, presha ingeporomoka siku ile, na ndiyo sababu hakutaka niondoke: kuporomoka nako kunaweza kumwangusha mtu. Ilishuka kidogo tu. Akaandika kwenye kadi: anameza. Neno moja hilo lilinifurahisha kuliko dawa.

Kisha akaomba mita ya fundi wa nguo, akanipima mkono juu ya kiwiko. Sentimita 37. Mkanda wa kawaida unaishia kwenye 32 hivi. Mkono mnene kwenye mkanda mdogo hutoa namba ya uongo, kwa wastani 5 juu, na kwa mikono minene zaidi hufika karibu 20. Nikanunua mashine yenye mkanda mpana, ya betri, kwa kuwa umeme wetu tunaujua. Akanifundisha: kojoa kwanza, kaa dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini isiyokunjwa nne, mkono mezani usawa wa moyo, usiongee. Asubuhi kabla ya dawa mara mbili, jioni mara mbili, siku saba. Siku ya kwanza ifute, zilizobaki tafuta wastani. Nyumbani mpaka ni 135 kwa 85, si 140.

Kwa mtu wa kazi yangu hilo lilikuwa sikukuu. Daftari la miraba, safu nne, wino mwekundu kwa kila iliyovuka mpaka. Mama Nadège alikatazwa kunisemesha mkanda ukijaa, akasema huo ndio utulivu wa kwanza aliopata katika ndoa. Wastani ulitoka 156 kwa 97. Chini ya ile 176 waliyoniandikia hospitali, lakini bado juu. Basi mimi kweli nilikuwa sugu.

Chumvi ilikuwa ugomvi. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asipite gramu 5 kwa siku, kama kijiko cha chai kilichosawazishwa. Bukari, yaani ugali, yenyewe haina chumvi; sombe, majani ya muhogo, inategemea mpishi. Adui yuko kwenye makayabu, samaki wa chumvi, kwenye mkate wa asubuhi, na kwenye vile vipande vya kukoleza mchuzi ambavyo siku hizi vinatumbukizwa hadi kwenye maharage. Makayabu tunaloweka usiku kucha na kubadilisha maji, kisha tunachemsha na kumwaga. "Papa Nadège, hii si samaki tena, ni karatasi," aliniambia. Tunakula karatasi Jumapili tu.

Damu ikaonyesha potasiamu 3.3, chini ya kawaida. Dawa ya kukojoza yaweza kuwa sababu, lakini dokta alinusa kitu kingine: aldosteroni nyingi, homoni inayoshikilia chumvi na kutupa potasiamu. Kupima homoni yenyewe ilikuwa damu isafirishwe, kwa gharama yangu. Tukakubaliana kujaribu dawa ya nne, spironolaktoni, nusu kidonge cha mg 50. Ni dawa ya zamani na ya bei ya chini. Mwaka 2015 Waingereza waliilinganisha na dawa nyingine mbili na kidonge kitupu kwa watu wenye presha sugu, ikazipita zote. Hatari yake ni kupandisha potasiamu, hasa ikikutana na perindoprili, kwa hiyo damu inapimwa wiki ya kwanza, tena baada ya mwezi, pamoja na kreatinini, kipimo cha kuona kama figo zinafanya kazi. Mtu mmoja mwenye nia njema aliniletea "chumvi ya wagonjwa" kutoka Zambia. Kumbe hiyo imetengenezwa na potasiamu. Kwa mtu wa spironolaktoni inaweza kusimamisha moyo. Ipo kabatini imefungwa.

Presha ilishuka hadi 133 kwa 82. Nikachora mstari wa kijani daftarini.

Ila kifua kikaanza. Chuchu zikauma, shati likigusa naruka, ukifuta ubao ndiyo unajua mkono unavuta shati kiasi gani. Ni jambo linalowapata wanaume wengi wa dawa hii na wengi wanaona haya kulisema, wanaacha kimyakimya, halafu wanaandikwa sugu tena. Nilimwambia dokta. Akapunguza nusu ya ile nusu, maumivu yakatulia, na presha ikapanda kidogo tu, 136.

Yule dereva nilimpima sebuleni kwa mkanda wangu. 188. Dawa alikuwa nazo mfukoni, pakiti nzima, anameza siku akiona nyota. Na lutuku, pombe kali ya kienyeji, ya njiani. Nilimpeleka kwa binti yule. Sasa anameza kila siku, juzi alikuwa 146, na kiwanja kinalimwa mahindi.

Mdogo wangu alikuja likizo wakati wa kiangazi. Tulikaa uani, tukapimana kwa mashine moja, kila mtu na mkanda unaomfaa. Yeye 139, dawa tatu na neva zilizochomwa. Mimi 135, dawa nne na kifua chenye kumbukumbu. Aliniuliza kama tiba ile ikifika Lubumbashi nitaikubali. Nilimjibu ndiyo, kama spironolaktoni itanishinda na kreatinini yangu itakuwa bado nzuri, mradi atakayeshika katheta awe ameshawafanyia wengi kabla yangu.